Mlio wa Kuita Paka

Miaka ile nilikuwa na mazoea ya kuwaambia watu kwamba hakuna jambo tena duniani la kunishangaza. Nilikuwa nimefika Nairobi na shati moja na darasa la tatu. Nilikuwa nimelala chini ya meza ya fundi wa viatu, nimeosha mbwa wa Mzungu huko Karen mpaka mikono yangu ikanuka mbwa hata siku ya Krismasi, na sasa nilikuwa na pikapu yangu mwenyewe, nyumba ya kukodi yenye ua mkubwa kando ya Barabara ya Ngong, na mbwa sita wa kuwinda ambao hata watu wenye bunduki za Ulaya walikuwa wakija kuniomba. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Nilisema hivyo kwa kinyozi, nikasema hivyo nje ya kanisa, na watu walinyamaza kwa sababu walijua ni kweli.

Kisha mama mkwe wangu akaja Nairobi kutibiwa macho.

Lakini kwanza mbwa, maana bila kuwaelewa mbwa hutaelewa kitu. Hawakuwa mbwa wa kubweka getini. Walikuwa wafanyakazi. Siku hizo, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, msitu wa Ngong ulikuwa na nguruwe pori wengi, nao hawakubagua shamba. Waliingia kwa tajiri wa Karen mwenye mahindi ya ekari na ekari, wakaingia kwa mama wa Dagoretti mwenye mistari mitatu ya viazi. Wakipita mara moja, umekwisha. Mwenye shamba anatuma mtu kwangu, mimi naja na leseni yangu mfukoni na mbwa wangu nyuma ya pikapu, na siku hiyo nguruwe wanajua mwenye mji amefika. Yule Mzungu niliyemfanyia kazi, alipouza kila kitu na kurudi kwao, aliniachia mbwa jike mmoja mwekundu mwenye mimba. Alidhani ananiachia mzigo. Aliniachia mtaji. Wote sita walikuwa yeye na watoto wake, na mkubwa wa watoto alikuwa dume mwenye sikio lililochanwa na nguruwe, mbwa ambaye sijaona mwingine kama yeye na sitaona.

Mke wangu naye alikuwa na wafanyakazi wake. Alikuwa akiuza mahindi na maharagwe kwa debe katika soko la Kawangware, na magunia yake yalikaa stoo ya nyumba yetu. Panya wa Nairobi si wa mchezo. Walikuwa wanatoboa gunia kutoka chini ili juu lionekane zima. Basi mke wangu akaleta paka wawili, mama mtu wa rangi ya jivu na mwanawe wa mabaka ambaye alikuwa amekataa kuhama kwa mama yake, kama vijana wengine ninaowajua. Panya wakapungua, halafu wakaisha.

"Mbwa wako wana kazi," aliniambia siku aliyowaleta, "na paka wangu wana kazi. Mtu asiguse mfanyakazi wa mwenzake."

"Na wakiguswa?"

"Siku mbwa wako akiua paka wangu, baba watoto, mbwa wote sita watatoka hapa. Au nitatoka mimi na magunia yangu. Utachagua."

Hakuwa mwanamke wa kusema jambo mara mbili. Nami nilijua hesabu yangu: bila mbwa mimi ningekuwa mtu mwenye pikapu, na Nairobi ilikuwa imejaa watu wenye pikapu. Bila mke huyo nisingekuwa hata na pikapu. Kwa hiyo maisha ya yule paka wa jivu yalikuwa yamefungwa pamoja na yangu, iwe napenda au sipendi.

Watu walinicheka. Karani mmoja wa mtaa wa Jamhuri, aliyekuwa akipita kwangu kila asubuhi na tai yake, alisimama kwenye ua wa michongoma akasema, "Mzee, hiyo mbwa na hiyo paka ni kama petroli na kiberiti. Wewe unaweka nyumba moja?"

"Unajua kusoma," nikamwambia, "lakini mbwa hujui. Pita, utachelewa kazini."

Nilikuwa na njia yangu. Mbwa wa kuwinda haui paka kwa sababu ya chuki. Anakimbilia kile kinachokimbia, na anafuata alichoambiwa. Basi nilihakikisha paka hana sababu ya kukimbia. Nilipigilia ubao juu ya ukuta wa stoo, paka wakawa wanalala hapo juu na kuwatazama mbwa chini mpaka kila upande ukachoka kumwona mwenzake. Nilimtoa mbwa mmoja mmoja kwa mnyororo, nikaketi naye chini huku paka akila, na mbwa akikaza mwili nikamwambia "wacha" kwa sauti ya chini, mpaka akajifunza kutazama pembeni kama mtu mwenye deni akikutana na anayemdai. Ilichukua muda. Mbwa waliotoka msituni hawakuchanganywa na paka kabisa hadi wamekula, wamelala, na damu yao imepoa. Nilipokuwa nakaribia nyumbani kutoka kazini nilipiga honi mara mbili pale barabarani. Mke wangu akisikia, anagonga kijiko kwenye sahani ya bati, paka wanakimbilia stoo, mlango unafungwa. Ndipo nafungua pikapu.

Na kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote, kuhusu mlio.

Mbwa wangu walijua maneno mawili tu ya kazi. La kuacha lilikuwa "wacha". La kukamata halikuwa neno. Nilipitisha pumzi kati ya meno, sss, sss, nikielekeza mkono kichakani, na mbwa wote sita walikuwa wamekwisha kuondoka kabla sijafunga mdomo. Mlio huo ni mzuri msituni kwa sababu haumwambii nguruwe uko wapi. Lakini nyumbani niliufukuza. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuutoa ndani ya ua wangu, si watoto, si mgeni, si mimi. Ndiyo maana paka waliitwa kwa kijiko. Hata mafuta yakichachatika kwenye sufuria jikoni, ungeona masikio kumi na mawili yamesimama kwenye banda, nami ningesema "wacha" nikiwa na uji mdomoni.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na hakuna unyoya wa paka uliopotea.

Mama mkwe alipokuja, jicho moja lilikuwa limekufa kwa mtoto wa jicho na la pili lilikuwa na ukungu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kukata kuni. Sasa, kwetu magharibi, mtu na mama wa mkewe hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, wala hawasemezani ila kupitia kwa mtu mwingine. Ni heshima, si ugomvi. Nairobi watu wengi walikuwa wameanza kuilegeza, wanasema chumba ni kimoja tutafanyaje, lakini mimi nilikuwa na nafasi, na mtu mwenye nafasi anaonyesha adabu. Nilimpa kota iliyokuwa uani, chumba cha mfanyakazi chenye mlango wake. Nilikipaka chokaa mwenyewe. Mlango ukiwa wazi, mimi nilizunguka nyuma ya nyumba nzima kwenda banda la mbwa ili nisikutane naye. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Niliona kwamba hata wazee wa nyumbani wangekuja wakaona, wasingepata kosa.

Kota hiyo ilikuwa imepakana na banda. Kati yao kulikuwa na ukuta wa mbao tu.

Siku ya kumpeleka mjini kwa daktari wa macho tulikwenda na pikapu. Yeye na mke wangu walikaa nyuma, kwenye viti viwili vya jikoni nilivyovifunga kwa kamba, wakiwa wametazama tulikotoka ili macho yake na yangu yasikutane hata kwenye kioo. Mbele nilikuwa mimi na yule jike mwekundu, maana kutoka huko nilikuwa naenda Karen kuangalia shamba lililoingiliwa, na bila pua yake siangalii shamba. Tuliposimama katikati ya jiji, hapo penye benki, watu wa ofisini walitazama. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga viatu rangi akaniuliza, "Mzee, hiyo mbwa ndiyo bibi yako, inakaa mbele?"

"Bibi yangu yuko nyuma na mama yake. Huyu ni mkubwa wangu wa kazi."

"Basi mimi nataka kuandikwa na hiyo mbwa."

Walicheka, hata nyuma nilisikia mke wangu akimweleza mama yake na mama akicheka kwa ile sauti yake ya kuni. Nikamsaidia mke wangu kushusha viti, nikiwa nimegeuza uso. Walipokwisha kuingia ndani kwa daktari, muuza magazeti mmoja akamwita mteja aliyekuwa akivuka barabara. Hakumwita kwa jina, hamjui. Alimwita kwa meno: "Sss! Sss!"

Jike mwekundu akaruka. Aligonga kioo cha mlango kwa kifua, pikapu nzima ikatikisika, na muuza magazeti akajikuta ameketi juu ya magazeti yake. Nilikuwa nimeshamwambia mbwa "wacha" na mbwa ameshatulia kabla watu hawajamaliza kutimua mbio. Nakumbuka nilivyojaa fahari. Nilimwambia muuza magazeti mbele ya watu, huyo umemwita wewe mwenyewe, huyo ni mbwa anayesikia. Nilieleza tangu mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe alikuwa ameshaingizwa ndani na mke wangu, hawakusikia neno.

Baada ya upasuaji alirudi na bendeji kwenye lile jicho lenye ukungu, na akaambiwa akae kwetu hadi lifunguliwe. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na sikujua ni nini kinachoharibika.

Kwanza mbwa waliacha kulala mchana. Mbwa wa kazi hulala mchana kama mlinzi. Hawa walianza kuzunguka bandani, na jua likifika utosini walikuwa wote wamesimama mbele ya ule ukuta wa mbao, wametulia kimya, mikia imekaza. Kimya ndicho kilichoniogopesha. Mbwa akibweka anakuambia kitu. Mbwa sita wakinyamaza pamoja wameambiwa kitu. Kisha dume mwenye sikio lililochanika akaanza kutafuna mbao. Nilikuta vipande vyenye damu ya ufizi wake. Nikaongeza mbao za pili juu ya za kwanza. Kesho yake akawa anachimba chini.

Nikafikiri panya, nikafukua, hakuna. Nikafikiri nyoka. Nikafikiri chui ameshuka kutoka msituni, kwa sababu yalikuwa yanatokea, nikatafuta nyayo kuzunguka ua wote isipokuwa mbele ya mlango wa kota, mahali ambapo sikuwa na ruhusa ya kutazama. Halafu nikafikiri kile ambacho mwenye mbwa hapendi kukifikiri, kichaa cha mbwa. Kama ni hicho ningepaswa kuwapiga risasi wote sita kwa mkono wangu. Sikula siku hiyo. Niliwapakia mmoja mmoja wamefungwa midomo kwa kamba, nikawapeleka Kabete kwa daktari wa mifugo. Aliwatazama midomo, macho, akawamwagia maji mbele ya pua, akasubiri.

"Hawana ugonjwa," alisema. "Hawa wanawinda."

"Wanawinda nini, daktari? Wako bandani, wamefungiwa."

"Hiyo wewe ndiye utaniambia. Mimi nakwambia tu ninachokiona. Mbwa hawa wana kazi ambayo hawajaimaliza."

Nilirudi nikiwa nimefurahi kwamba si kichaa, na nikiwa na hofu mpya. Jioni ile nilimwona yule paka wa jivu akipita juu ya ukuta wa banda, njia aliyoipita kila siku miaka yote, na vichwa sita vikamfuata pamoja kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Nilisema "wacha". Vitano vikageuka. Cha sita, chenye sikio lililochanika, hakikugeuka. Ilibidi niseme tena. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo dogo. Mimi nilikwenda kukaza komeo la banda, kwa sababu mbwa yule hakuwahi kuambiwa mara mbili tangu azaliwe.

Nilimwendea mke wangu jikoni.

"Mama anawachokoza mbwa?"

"Mama hata hawaoni hao mbwa."

"Kuna kitu kinatokea mchana upande ule. Mwambie asiwasogelee, asiwarushie kitu."

"Mwambie wewe."

Alinitazama, nami nikamtazama, akacheka kidogo kwa sababu alijua siwezi. Akatoka kwenda kota. Nilimsikia akimwambia mama yake, kwa adabu, mkwe anauliza kama mbwa wanakusumbua, asingependa uwachokoze. Jibu sikulisikia vizuri, mlango ulikuwa umerudishwa. Mke wangu akarudi.

"Anasema hajawachokoza."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

Hayakuwa hayo tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yule alijibu hivi: "Mwambie mkwe sijawachokoza mbwa wake. Mimi namwita paka tu." Nusu ya pili mke wangu aliiacha mlangoni, kwa sababu kwake ilikuwa maneno ya kawaida, kama kusema nilikuwa nimeketi tu. Alikuwa amekaa na kijiko na sahani ya bati miaka mingi kiasi kwamba alikuwa amesahau jinsi paka anavyoitwa kwao. Kule nyumbani magharibi, upande wetu wa mto, tunaita paka kwa kumwigiza, nyau, nyau. Upande wa kwao, ng'ambo ya mto, huitwa kwa meno.

Kila adhuhuri, mke wangu akiwa sokoni na watoto wakiwa shuleni, mama yule aliketi kwenye kigoda mlangoni, na omena wake, dagaa wa ziwani, aliokuja nao kutoka nyumbani wakiwa ndani ya karatasi, akamwita yule paka wa jivu aje ale. Sss, sss, sss, kwa sauti ndogo ambayo mimi nikiwa ng'ambo ya banda sikuisikia. Hana wa kuongea naye mchana kutwa, jicho limefungwa, mkwe anamkwepa kwa heshima, paka ndiye mwenzake. Na nyuma ya mbao, karibu kiasi cha kuwanusa omena, mbwa sita walikuwa wakiambiwa kila siku kamata, na mlango haufunguliwi.

Siku mlango ulipofunguliwa, niliufungua mimi.

Tulikuwa tumetoka Karen. Ilikuwa kazi ngumu, nguruwe dume amejificha kwenye korongo, mbwa walikuwa na damu hadi mabegani na bado wanatetemeka kwa moto wa kazi. Jua lilikuwa bado juu. Nilipofika barabarani nilipiga honi mara mbili kama kawaida. Sikusikia kijiko. Nikangoja, nikapiga tena. Mke wangu, sikujua, alikuwa amechelewa sokoni kwa sababu lori la mahindi lilikuwa limekwama. Lakini niliona mlango wa stoo umefungwa, upepo ndio ulioufunga, nikasema basi, amewaingiza. Nikazungusha pikapu uani, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikiwa na minyororo mkononi ili niwafunge mmoja mmoja kabla hawajashuka. Nilikuwa nimemfunga jike mwekundu na mmoja wa wanawe.

Mama mkwe alikuwa amesikia honi. Si mjinga, alikuwa ameshajifunza mambo ya nyumba ile kwa masikio. Alijua honi maana yake mbwa wanashuka. Alijua binti yake hayupo wa kugonga kijiko. Na paka wa jivu alikuwa palepale uani, anaota jua. Basi mama yule, kwa moyo mwema, akaamua kumwokoa. Akamwita aingie ndani.

"Sss! Sss! Sss!"

Nakuambia nilihisi upepo wao. Wanne waliruka juu ya bega langu, na wawili waliofungwa wakanivuta nikapiga goti. "Wacha!" Hawakugeuka. Kwa nini wageuke? Mimi nasema wacha mara moja, na kutoka kota sauti inasema kamata, kamata, kamata. Na kadiri alivyosikia miguu ya mbwa inakuja, ndivyo alivyozidi kumwita paka kwa haraka. Paka alikimbia kama risasi ya jivu, akaingia mlangoni kwake, mbwa wakiwa nyuma yake urefu wa mkono.

Nilitundika minyororo kwenye ndoano ya pikapu nikakimbia. Na nikafanya jambo la kwanza ambalo sikuwahi kufikiri ningelifanya. Nilimpigia kelele mama wa mke wangu.

"Mama, nyamaza!"

Alishtuka akavuta pumzi. Kwa meno.

La pili nililifanya bila kufikiri. Nilivuka kile kizingiti ambacho nilikuwa nimekizunguka wiki nzima. Alikuwa kwenye kigoda chake, bendeji jichoni, paka amejichimbia ndani ya leso mapajani mwake, na mbwa wanne wameshaingia. Nilijirusha. Nilianguka juu yake, kigoda kikavunjika, tukaenda chini wote watatu, yeye chini, paka katikati, mimi juu kama gunia la mahindi. Meno yakaingia kwenye shavu la mguu wangu. Paka akatoka kwenye leso, akapanda uso wangu, akashika utosi wangu kwa kucha zote alizopewa na Mungu, akakaa huko.

Na hapo, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na pumzi tena, kukawa kimya. Kimya kikanipa nafasi. Nikasema kwa sauti ya chini, ile ya mazoezi, ile ya miaka yote ya kuketi nao chini huku paka akila: "Wacha."

Mguu wangu uliachiliwa. Nikasikia mmoja analala chini, wa pili, wa tatu.

Wa nne alikuwa dume. Alikuwa amesimama juu yetu, naona kifua chake tu, damu ya nguruwe inadondoka kwenye leso. Paka juu ya kichwa changu akaanza kunguruma. Kama paka angeruka wakati ule, mambo yote yangekwisha, paka, mbwa, mke, magunia. Sikuthubutu kusema neno la pili, kwa sababu neno la pili linamwambia mbwa kwamba la kwanza halikuwa la kweli. Nilisubiri. Dume akainamisha kichwa polepole, pua yake ikapita sikioni kwangu, ikashuka, ikafika usoni kwa mama mkwe. Nilihisi mkono wake unatoka chini yangu, mkavu, unapapasa. Ukaipata ile pua.

"Hii pua ni ya nani?" akauliza.

"Ya mbwa, mama."

"Ni kubwa."

"Ndiyo, mama. Usipumue kwa meno."

Aliipapasa kutoka puani hadi kwenye sikio, akaufuata ule mpasuko kwa kidole. Dume akatoa pumzi ndefu, miguu ikakunjika, akalala. Nilijua kazi imekwisha kichwani mwake.

"Na huyu aliyenilalia?"

Damu ya kichwa ilikuwa inaingia jichoni.

"Ni mimi, mama."

Akavuta leso yake.

"Basi ondoka polepole, baba. Na usinitazame."

Niliondoka polepole. Nilitoka kwa kurudi nyuma, macho chini, paka bado kichwani kama kofia ya kanisa, mbwa wanne wakinifuata kwa mstari. Wawili wa mnyororo walikuwa wameketi penye pikapu wakitungoja. Karani wa Jamhuri alikuwa amesimama kwenye michongoma, ametoka kazini, tai mkononi. Alitazama msafara ule hadi nilipoufungia bandani. Tangu siku hiyo alikuwa ananiita mkubwa.

Mke wangu alipofika alikagua paka kwanza, akampata mzima. Akamkagua mama yake, jicho zima, nyonga imeteguka kidogo. Mimi alinikagua mwisho, akanifunga mguu na kichwa, akasema, "Paka yuko hai. Mbwa watakaa." Lakini mambo ya kizingiti hayakuwa yake kuyamaliza.

Jumapili wakaja shemeji yangu mkubwa kutoka Makadara na mjomba wangu, wakaketi sebuleni. Mama mkwe alikuwa kotani, mlango wazi ili asikie, na mke wangu alisimama uani kati yetu akipeleka maneno.

"Ulimwambia mama yetu anyamaze," shemeji akasema.

"Nilimwambia."

"Ukaingia chumbani kwake."

"Niliingia."

"Ukamlalia."

"Nililalia paka. Mama alikuwa chini ya paka."

Mjomba wangu akakohoa kwa muda mrefu, akiwa ameziba mdomo kwa kofia. Nikawaambia wazi kwamba katika Nairobi nzima hakuna mtu mwingine ambaye angewalaza mbwa wale kwa neno moja, na kama si mimi wangekuwa wanazungumza mambo mengine leo. Shemeji akasema hilo anakubali, na ni kwa sababu hiyo wanaongea na mimi wakiwa wameketi. Lakini heshima iliyovunjwa kwa sababu nzuri imevunjwa vilevile. Ikaamuliwa: kondoo wa kusafisha kizingiti, blanketi la kumfunika mama aibu, na kitambaa kipya cha kichwa kwa ajili ya lile neno nyamaza.

Nilikubali. Mke wangu akatoka kumpelekea mama yake habari, akakaa huko, akarudi akijaribu kutocheka.

"Mama anasema yote ni sawa. Lakini ameongeza kitu chake mwenyewe. Anataka mkwe amnunulie kijiko na sahani ya bati. Anasema akirudi nyumbani atawafundisha paka wa kule upya, asije akazoea tena ule mlio akaja nao hapa."

Nilibadilisha mlio wa mbwa pia, nikawafundisha kwa kupiga ulimi, kazi ya miezi mingi, na wakajifunza wote. Kila kitu nilikinunua mwenyewe, kondoo nikamchukua Dagoretti, blanketi na kitambaa nikavipata mjini, kijiko na sahani nikavichagua vilivyo vizito ili visikike mbali. Sikuomba nipunguziwe hata senti. Yote pamoja yalinigharimu shilingi mia moja na mbili na senti tisini.